Jukwaa la wageni bungeni: huduma ya ofisi ya Mpambe wa Bunge

Nilikwenda kusikiliza kikao pamoja na mama yangu, ambaye hutembea kwa fimbo. Getini walituchukulia simu na mikoba wakatupa namba. Fimbo waliikagua, wakamrudishia palepale, na askari mmoja akamshika mkono hadi kwenye kiti. Hapo nawapa maksi zote.

Kilichonivutia zaidi ni Mpambe mwenyewe (kwa Kiingereza Sergeant-at-Arms), akiingia mbele ya Spika na siwa begani, yaani rungu la heshima linaloashiria mamlaka ya Bunge. Wengi hudhani kazi yake inaishia kwenye gwaride hilo, kumbe ulinzi wa ukumbi uko mikononi mwake, na Spika akiamuru mbunge atoke, yeye ndiye humtoa. Kanada, Oktoba 2014, Kevin Vickers aliyeshika wadhifa huo alimkabili mtu mwenye bunduki ndani kabisa ya jengo la Bunge. Kwa hiyo upekuzi wa getini haunikeri hata kidogo.

Kasoro ipo: masharti ya mavazi hayajabandikwa nje. Kijana aliyetutangulia alirudishwa kwa sababu ya kaptura, baada ya kupanga foleni muda mrefu. Bango moja tu lingetosha. Ukienda, fika mapema na kitambulisho mkononi.