Naitrasi na spiriti kwa gari moja: seti ipi ununue ukiwa Uganda

Afande mmoja alileta Altezza yake gereji, na kwenye buti kulikuwa na chupa ya gesi ya bluu iliyofungwa kwa kamba ya katani. "Fundi, naitrasi ninayo. Wewe niwekee spiriti tu, nasikia inapoza injini." Naitrasi ni gesi yenye oksijeni nyingi inayopulizwa ndani ya injini iongeze nguvu; spiriti ni ethanoli, pombe ya kiwandani inayoweza kuwa mafuta ya gari. Nikamuuliza kuhusu pampu ya mafuta. Ni ile ile iliyokuja na gari kutoka Japani. Nikaigeuza chupa nitazame bega lake: vipande vyeupe na bluu vimepishana. Hiyo si naitrasi tupu, ni ule mchanganyiko wa nusu naitrasi na nusu oksijeni wanaopewa kina mama leba. Oksijeni ya presha ikikutana na grisi kwenye valvu inaweza kuwaka bila cheche.

"Afande," nikamwambia, "umenunua kengele, baiskeli bado."

Wengi huanza hivyo. Chupa ndiyo inayopigiwa picha. Lakini ukiunganisha naitrasi na ethanoli, kinachoamua ni upande wa mafuta. Kwa hiyo seti hizi sikuzipanga kwa nguvu zilizoandikwa kwenye boksi. Nimezipanga kwa jinsi kila moja inavyoweza kulishwa mafuta hapa kwetu, ambako spiriti unaitafuta kwa jerikeni.

Hesabu kidogo, halafu tununue. Kilo moja ya petroli huungua vizuri na kilo 14.7 za hewa. E85, yaani ethanoli asilimia 85 na petroli asilimia 15, inataka kilo 9.8. Ethanoli tupu inataka 9. Kwa lugha ya gereji, pale petroli inapopita lita moja kwenye injekta (kidude kinachopuliza mafuta ndani ya injini), E85 lazima ipite kama lita 1.4. Faida yake ni oktani ya juu (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati), karibu 108, tena ikigeuka mvuke hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli. Naitrasi nayo ina oksijeni asilimia 36 kwa uzito, wakati hewa ina 23. Oksijeni hiyo ya ziada isipokuta mafuta ya kutosha huyeyusha pistoni. Ninayo moja mezani, ina tundu unaloweza kupitisha sarafu ya shilingi 500. Iliharibika mikononi mwangu mwenyewe, na nitaeleza ilivyokuwa.

Ninayoiweka namba moja ni seti nyevu yenye tangi lake dogo. Seti nyevu ni ile inayopuliza gesi na mafuta pamoja kwenye nozeli moja kabla ya throto, kile kilango cha hewa. Injini inaendelea na petroli yake ya kila siku. Pembeni unafunga tangi la lita 4 au 5, pampu yake na regyuleta yake ya kudhibiti presha, na humo unatia spiriti peke yake. Spiriti inatumika pale tu unapobonyeza swichi, kwa hiyo jerikeni moja inakufikisha mbali, na kompyuta ya gari huigusi sana.

Sababu kubwa ya kuipa nafasi ya kwanza ni maji. Viwanda vya sukari kama Kakira na Lugazi huchachua molasi na kutoa spiriti, na spiriti ya kawaida ya kiwandani ni asilimia 96. Zile nne zilizobaki ni maji, na kwa kuchemsha tu hayatoki. Chukua chupa safi ya soda, tia petroli sehemu tisa na spiriti hiyo sehemu moja, tikisa, weka mezani. Ikipoa au ikiongezeka maji kidogo unaweza kuona ukungu, kisha mstari: petroli juu, spiriti na maji chini. Tangi la gari hunyonya kutoka chini. Ila spiriti ikiwa peke yake haina cha kujitenga nacho.

Jeti za boksi, yaani vitundu vinavyopima mafuta na gesi, zimepimwa kwa petroli, usizifunge hivyo hivyo. Kama jedwali linasema jeti ya mafuta 24, kwa E85 mimi huanzia 29 na kwa spiriti tupu 31, jeti ya gesi ikibaki ile ile. Baada ya hapo plagi na geji ndizo zinazosema. Anza na nguvu farasi 50, si zaidi.

Sharti lake ni swichi ya presha ya mafuta, inayokata gesi presha ya tangi dogo ikishuka. Ile pistoni yangu iliisha kwa kukosa kidude hicho. Niliona bei yake nikasema nitaifunga wiki ijayo. Spiriti iliisha tangini, gesi ikaendelea kuingia. Nilisikia mlio mmoja kama mtu amegonga sufuria, kisha moshi mweupe. Muuzaji akikupa seti bila swichi hiyo, mwambie bei umeipenda ila utarudi.

Namba mbili ni kugeuza gari lote litumie E85, halafu kufunga seti nyevu inayochukua mafuta kwenye laini ya gari. Hii ni ya mtu wa mashindano anayejua spiriti yake inatoka wapi kila mwezi. Maji yaliyo kwenye spiriti ya asilimia 96 hayasumbui sana hapa, maana ethanoli ikiwa nyingi huyabeba. Kazi yako ni kununua pampu, mipira na injekta. Pampu tafuta iliyoandikwa na mtengenezaji kwamba inavumilia ethanoli. Injini ya farasi 200 yenye gesi ya farasi 50 kwa hesabu inatumia kama lita 100 kwa saa, lakini nunua pampu ya lita 255, kwa sababu volti zikishuka na tangi likipata joto pampu haitoi kile ilichoandikiwa. Kisekka, soko la spea la Kampala, spea zimejaa na maneno ni mengi. Niliwahi kununua pampu iliyong'aa kuliko zote, herufi za boksi zimenyooka, ikadumu siku tisa. Sasa huomba waiwashe kwenye ndoo mbele yangu, na geji ya presha juu yake. Anayekataa tunaagana vizuri.

Mipira ya zamani huliwa na spiriti, inalainika na kuvuja. Nunua ya tefloni au yenye maandishi ya kukubali ethanoli. Filta weka mbili kwenye gari, kwa sababu ethanoli huosha uchafu wa miaka yote tangini na kuupeleka mbele kwa wiki chache za mwanzo. Na kabla hujalipa, fanya hesabu ya bei: spiriti ikizidi asilimia 70 ya bei ya petroli, kwa matumizi ya kila siku unapata hasara. Madereva wa Brazili wanaishi kwa kipimo hicho. Anayekaa Kabale ajue pia kwamba asubuhi ya baridi ethanoli nyingi haitaki kuwaka.

Tatu ni seti kavu. Hii hupuliza gesi tu, mafuta ya ziada yanatoka kwenye injekta za gari kwa amri ya kompyuta. Kwa petroli naipenda, ni safi na haina mambo mengi. Kwa ethanoli tatizo ni kwamba injekta zimeshabebeshwa mzigo. Injini ya mitungi minne yenye farasi 200 inataka injekta za kama cc 310 (sentimita za ujazo kwa dakika) kwa petroli, 440 kwa E85, na ukiongeza gesi ya 50 unafika 550. Hapo unanunua injekta, kompyuta ya kupangwa upya, na siku nzima za fundi wa kompyuta. Kama huna fundi huyo, iache.

Ya mwisho ni seti ya nozeli moja kwa kila mtungi. Ni nzuri kwenye gari la kukimbia mita 400 tu. Kwa gari linaloshuka Entebbe Road kwenda kazini, hapana.

Seti yoyote utakayochukua, nunua na geji ya lambda yenye sensa ya masafa mapana, na uisome kwa lambda: 1 ni mafuta na hewa sawasawa, chini ya 1 mafuta yamezidi. Geji iliyopangwa kwa petroli itakuandikia 12 hata ukichoma spiriti inayotaka 9, na wengi hushtuka wakaharibu kipimo cha mafuta. Tafuta 0.80 hadi 0.85 gesi ikiwa wazi. Plagi shuka joto daraja moja au mbili. Kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi, kwa hiyo 6 inakuwa 7 au 8. Zimamoto weka karibu, maana moto wa spiriti mchana hauonekani vizuri, mtu anaungua huku wenzake wanamcheka anacheza.

Spiriti nunua yenye karatasi. Mapipa yasiyo na jina yanaweza kuwa na methanoli, inayokula aluminiamu, na jerikeni ikiachwa gereji kuna mtu ataonja. Mwaka 2010 huko Kabale waragi, pombe kali ya kienyeji, yenye methanoli iliua makumi ya watu. Ya kwangu ina kufuli.

Wa ralli wasisumbuke kabisa: kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, zinaruhusu hewa peke yake kuchanganywa na mafuta, kwa hiyo naitrasi haina nafasi.

Hita ya chupa, ya kupandisha presha ya gesi, watakuuzia kwa nguvu. Kampala kwenye nyuzi 25 au 27 chupa inakaa karibu na baa 60 yenyewe, inatosha. Hofu ni kinyume chake: naitrasi ikipita nyuzi 36.4 haibaki kimiminika tena, na buti la gari lililoegeshwa juani Gulu hufika hapo kabla ya chakula cha mchana. Nunua blanketi la chupa, na vyuma vya kuifungia.

Afande alirudi baada ya wiki tatu. Chupa alishairudisha. Mkononi alikuwa na swichi ya presha na tangi la lita 5, akasema gesi itasubiri mshahara.