Nimelala hoteli kongwe katikati ya jiji: ulizeni umri wa jengo, si wa jina

Haya, karibuni. Kabla sijasema lolote, sikilizeni hii. Mnasikia? Sakafu inalia. Ngoja nikanyage tena. Hii ni mbao ya zamani, ya kweli, na ilinibidi nilale usiku mzima hoteli hii hii ndipo niipate. Nitawaeleza.

Leo nachambua zile hoteli kongwe za katikati ya jiji, zenye picha za marais na waimbaji ukutani, ambazo dereva wa teksi hahitaji kuelekezwa. Jina la hii niliyomo naliweka kando. Nina kasoro kadhaa za kutaja, nimelala siku mbili tu, na wenyewe hawapo hapa kujitetea.

Usiku wa kwanza nilipewa chumba ghorofa ya tisa. Kisafi, kiyoyozi kimya, zulia la kijivu, kitanda hakina ubaya. Nikakaa pale kitandani nikajiuliza: hiyo historia niliyoilipia iko wapi? Chumba kile ungekiweka mji wowote duniani na kisingeshangaa. Nikashuka mapokezi. Dada wa watu akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, wewe uko jengo jipya. La zamani ni hili lenye ngazi za marumaru." Na mimi wakati naweka nafasi, picha niliyoonyeshwa ilikuwa ya nini? Ngazi za marumaru!

Kwa hiyo somo la kwanza, na ndilo kubwa: jina lina umri wake na jengo lina umri wake. Chukueni Adlon ya Berlin. Ilifunguliwa 1907, ikaungua 1945 vita vilipokuwa vinaisha, na hili jengo linaloonekana leo karibu na Lango la Brandenburg lilifunguliwa 1997. Waldorf-Astoria ya New York ndiyo kali zaidi: ile ya kwanza ilivunjwa 1929, na pale ilipokuwa likasimama jengo la Empire State. Hii ya Park Avenue ni ya 1931. Shepheard's ya Cairo ilichomwa moto katika ghasia za Januari 1952, na yenye jina hilo ilijengwa baadaye, mahali pengine, kando ya Nile. Halafu kuna Taj Mahal Palace ya Mumbai. Jengo lenye kuba ni la 1903, ila ubavuni kuna mnara wa miaka ya 1970. Mtu anaweza kurudi nyumbani akasema nimelala Taj, na asiwe mwongo, lakini chini ya lile kuba hakulala.

Sisemi hoteli hizi zinadanganya watu. Raffles ya Singapore yenyewe hujihesabu tangu 1887, ndugu wa ukoo wa Sarkies walipoanza na nyumba ya vyumba kumi tu. Jengo kuu likaja 1899. Biashara ina haki ya kusherehekea siku yake ya kuzaliwa. Wewe mlipaji ndiye wa kuuliza: chumba changu kiko jengo lipi?

Basi, usiku wa pili nikahamishiwa huku. Oneni dari ilivyo juu. Kuta hizi nene kweli kweli, jirani yangu hata kama alikohoa sikumsikia. Lakini mlango! Chini una mwanya unaopitisha mwanga wa korido, na kila aliyerudi usiku nilimjua kwa viatu vyake. Dirisha nalo ni kioo kimoja, fremu ya mbao. Majengo yaliyowekwa chini ya sheria za kuhifadhi mambo ya kale mara nyingi hayaruhusiwi kubadilishwa madirisha hivi hivi, kwa hiyo kabla hapajapambazuka malori ya mizigo yaliponguruma barabarani, nilikuwa nayo chumbani. Mkija hoteli ya namna hii, ombeni chumba kinachotazama ua wa ndani. Mandhari mtayaona mkitoka.

Bafu lina umbo la ajabu, kama kipande cha keki. Hoteli nyingi za enzi hizo wageni walikuwa wakichangia mabafu ya korido. Haya ya ndani yalimegwa kwenye vyumba baadaye, na mabomba yakapitishwa palipopitika. Maji ya moto yalichukua dakika nne. Nilihesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Soketi ziko mbili, na moja imejificha nyuma ya kabati.

Na kuna jambo linanichekesha. Savoy ya London ilipofunguliwa 1889, sifa yake ilikuwa taa za umeme na lifti. Upya! Hizi tunazoziendea kwa sababu ya ukale, wageni wake wa kwanza walizikimbilia kwa sababu zilikuwa na vitu ambavyo nyumbani kwao havikuwepo. Leo mimi nyumbani nina soketi nyingi kuliko wao.

Vyumba vyenye majina ya watu maarufu, mimi singelipia zaidi. Godoro ni jipya, pazia ni jipya, kilichobaki ni kibao mlangoni. Pera Palace ya Istanbul nadhani walifanya la maana: chumba namba 101 alichokuwa akikaa Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, wamekifanya makumbusho. Unaingia, unatazama, unatoka.

Pesa yangu ilifanya kazi ukumbini. Pale chini, kwenye viti vya ngozi, nilikaa saa tatu na chai moja bila mtu kuniuliza, nikamsikiliza mhudumu mzee akinionyesha mahali simu ya kwanza ilipofungwa. Kwa hiyo usiku mmoja unatosha, jengo la zamani, upande wa uani. Anayekuja kikazi na anahitaji usingizi alale ghorofa ya tisa, huko hakuna historia ila kuna amani.

Sasa naondoka, kamera iko mkononi, mnivumilie ikitikisika. Tazameni ngazi hizi. Marumaru imeliwa katikati, imefanya bonde kama sahani, na pembeni bado ina kona zake kali. Lifti imejaa, begi langu zito. Nashukia pembeni.