Kaseti zangu za Hélène zimerudi! Uzoefu wangu na fundi wa kaseti hapa Lubumbashi

Naandikia wale wote wenye wangali na kaseti za zamani mu karatoni juu ya kabati na hawajui wazifanyie nini, lakini zaidi naandikia wale wenye walimpenda Hélène Rolles kama mi, mwimbaji na Hélène wa feyetoni Hélène et les garçons, sababu najua tuko wengi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, mpaka kule Bukavu. Wakati ule tulikuwa na miaka 13, 14. Leo tuko bamama wenye watoto wamemaliza masomo, na wimbo wake ukipigwa mu taksi bado tunanyamaza tusikie mpaka mwisho.

Huduma yenyewe ni hii: unapeleka kaseti, fundi anaipigisha mu deki, sauti inaingia mu ordinatere, anakutilia mu fleshi ao mu kadi ya simu. Mi nilienda kwa papa mmoja pale Kamalondo mwenye kiatelie cha kutengeneza radio na ampli. Bei ni dolari 5 kwa kaseti, ukileta nyingi anapunguza kidogo.

Sasa kwa vijana wenye hawamjui Hélène. Ni Mfaransa, alizaliwa Le Mans mwaka 1966. Mwezi wa 5 mwaka 1992 TF1, televizyo ya Ufaransa, ilianza kuonyesha hiyo feyetoni Hélène et les garçons, yenye ilitengenezwa na kampuni ya AB Productions, yeye anacheza Hélène Girard, mwanafunzi wa univer, rafiki zake wavulana wana orkestra wanafanya mazoezi mu garaje, wote wanakutana mu kafeteria, wanapendana, wanaachana, wanarudiana, wanalia, wanapendana tena. Huko kwao watu wakubwa waliicheka sana, ati hao wanafunzi hauwaoni hata siku moja wakisoma. Ni kweli, hauwaoni. Lakini sisi masomo tulikuwa nayo ya kutosha, chenye tulikosa ni mahali pa kuona vile kijana anaongea na msichana bila kumdharau, vile msichana anasema hapana na hakuna mtu anamfokea, vile rafiki anakuja tu kukaa pembeni yako ukilia, hana neno la kusema lakini anakaa. Hayo nani alikuwa anatufundisha? Nyumbani hayasemwi, shuleni hayasemwi. Mi niliyaona kwa Hélène.

Na vile tuliiona! Kwetu Katuba, hapa hapa Lubumbashi, kulikuwa jirani mmoja mwenye kaka yake yuko Bruxelles, huyo kaka alikuwa anarekodi kule na kutuma kanda za video, basi jumamosi mama jirani anafungua mlango, tunajaa mu salo yake mpaka chini ya meza. Kanda za Ubelgiji zilikuwa za PAL na televizyo yake ilikuwa ya SECAM, njia mbili tofauti za kupitisha rangi, hazisikilizani, kwa hiyo picha inatoka nyeusi na nyeupe. Feyetoni yenye rangi zote zile za miaka ya 90, sisi tuliiona bila rangi! Mi nilikuja kujua rangi ya nguo zake miaka mingi kisha, nilipopata intaneti. Haikunipunguzia kitu. Macho yake yalionekana vizuri, na sauti ilikuwa sauti.

Tuongee juu ya sauti basi, maana hapo njo watu wananiudhi kabisa. Kila mara nikimtaja kuna mtu atasema ati yule hajui kuimba. Nisikilizeni. Hélène hana sauti kubwa, hapandi juu sana, hazungushi zungushi neno moja mara kumi. Anaimba karibu na mikro, pole pole, kila neno analifikisha mahali pake, na mwisho wa sentensi anaachia pumzi kidogo, kale kapumzi njo kananimaliza mpaka leo. Ni kama yaya wako anakuongelesha usiku mmelala kitanda kimoja. Ukichukua mwimbaji wa sauti kubwa umpe nyimbo hizo ataziua, sababu zimetengenezwa kwa kasauti kama kale. Je m'appelle Hélène ya mwaka 1993 ni mfano: anajitaja jina, anasema yeye ni msichana kama wengine, anatafuta mapendo, basi, hakuna kingine. Mtoto wa Katuba anaweza kuiimba na ikawa ni yake. Tuliiimba tukiteka maji, tukiosha vyombo, kila mmoja anaweka jina lake mahali pa Hélène.

Maneno aliandika Jean-Luc Azoulay, kwenye plaki anajiita Jean-François Porry, na muziki ni wa Gérard Salesses. Huyo Azoulay mwenyewe ujanani alikuwa fan wa mwimbaji Sylvie Vartan, fan kweli kweli, mpaka akaishia kuwa sekretere wake! Nilipojua hiyo nilielewa mambo mengi. Mwenye aliandika nyimbo hizo alishakaa upande wetu, anajua mtu anayesikiliza yuko peke yake mu chumba anahitaji kuambiwa nini.

Kurudi kwa kaseti. Zangu ni za aina mbili. Kuna moja ya orijinali, ile ya 1993, ilitoka Ubelgiji na huyo huyo kaka wa jirani, mama yangu aliinunua kwa mama jirani na mpaka leo sielewi alitoa wapi makuta, sababu ule ni mwaka Zaïre walibadilisha pesa, milioni 3 za zamani ikawa zaïre mpya moja, mishahara ya Gécamines, kampuni ya migodi, inachelewa, watu wanakula mara moja kwa siku. Mama hakusema kitu, aliniwekea tu kwenye mto. Halafu kuna zingine tulizorekodi wenyewe na yaya wangu: unaweka radio-kaseti mbele ya televizyo, unafinya kile kidude chekundu, na watu wote mu nyumba wanakatazwa kukohoa.

Ile ya orijinali ilikuwa haitoi sauti tena, inatoa mvumo tu, kwa mbali sana unasikia mtu anaimba. Nilijua imekufa. Fundi aliishika akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akacheka.

"Mama, kaseti yako haikufa, ni ka eponji njo kameanguka."

"Papa, kanaweza kupona?"

"Tutakapatia kengine, mama, ikala."

Kumbe ndani ya kaseti kuna ka eponji kadogo kanasukuma bandi, ule utepe wenye sauti, igusane na kichwa cha deki, kakianguka bandi inapita mbali na sauti inapotea. Alifungua zile visi tano ndogo, akatoa eponji kwa kaseti nyingine ya mahubiri yenye ilikuwa imekatika, akaibandika. Kisha akachukua pamba na alkol akasafisha kichwa cha deki, pamba ikatoka na uchafu wa kahawia. Kisha, na hapa njo nilimuheshimu, akaanza kupigisha wimbo na turnavisi nyembamba mkononi, anazungusha kavisi kamoja pembeni ya kichwa, kidogo sana, huku anasikiliza. Mwanzoni Hélène alikuwa anaimba na blanketi mdomoni. Fundi anazungusha, anarudisha, anazungusha. Mara ile gitaa ikafunguka, "s" zikasikika, na kale kapumzi ka mwisho wa sentensi kakatoka. Nililia mu atelie ya watu, sioni haya kusema.

Na wakati ule ule kulikuwa kijana mmoja Mchina ameleta spika yake kutengeneza, hawa wenye wanafanya kazi za mugodi, Kifaransa chake kidogo, Kiswahili cha soko. Refreni ilipofika akaanza kuimba. Yote! Maneno yote, bila kukosa! Mi na fundi tukabaki tunamuangalia. Ile wimbo, Je m'appelle Hélène, inajulikana sana kule China, wengi wanaojifunza Kifaransa wanaipitia, lakini kujua ni kitu kimoja na kumsikia Mchina anaimba Hélène pale Kamalondo ni kitu kingine. Nilimuuliza umejifunzia wapi, akasema shuleni. Tukaimba pamoja mpaka mwisho.

Mnaotaka kupeleka zenu mjue haya. Kazi haiwezi kuharakishwa, kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, lazima ipige yote. Kwa hiyo muulize fundi delestaji, umeme ukikatwa, ikikuja katikati anafanya nini. Huyu wangu ana betri na konvertisa, na ni lazima iwe hivyo, la sivyo wimbo unakatika na mnaanza upya. Muombe faili ya WAV, yenye haibani sauti, usikubali MP3, yenye inaibana, peke yake. WAV ni nzito, dakika moja karibu mega 10, kaseti nzima inafika mega 600, lakini hiyo njo sauti kamili, MP3 utaitoa humo wakati wowote, na ukiitoa toa ya kilobiti 320 kwa sekunde, ile ya 128 imebanwa sana, inamfanya Hélène aimbe kama yuko ndani ya bomba. Na kaseti zenyewe msizitupe kisha, msiziweke tena karibu na spika kubwa, sumaku inakula sauti.

Chenye sikupenda: upande B wa kaseti moja ya nyumbani sauti inapepesuka, bandi ilivutika zamani, fundi aliniambia wazi hawezi kuirudisha. Na majina ya faili aliandika "wimbo 1, wimbo 2", ikabidi nikae mwenyewe usiku niyaandike yote. Siku za kuchukua pia alinirudisha, njoo kesho, njoo kesho, mwenye kutoka mbali kama Ruashi apige simu kwanza.

Sasa mtaniuliza: si nyimbo ziko kwenye intaneti, unanunua mega unasikiliza? Ziko, na nasikiliza huko pia, safi kabisa. Pour l'amour d'un garçon ya 1992 niliisikia vizuri kwenye simu kuliko zamani zote, kuna kinanda nyuma chenye sikuwahi kukijua. Lakini kwenye intaneti hakuna zile zetu za mbele ya televizyo. Humo Hélène anaimba, jogoo wa jirani anawika, mlango unagonga, na yaya wangu anacheka halafu anasikika akisema "shiiii" kwa mdogo wetu. Nilimtumia yaya hiyo sehemu kwenye WhatsApp, yuko Kolwezi, akanipigia hapo hapo, hakusema jambo, akaanza kuimba kwenye simu.

Na Hélène mwenyewe hajaenda popote. Mwezi wa 1 mwaka 2012 alipanda Olympia, salo kubwa ya konseti kule Paris, niliangalia video zake, mwanamke wa miaka 45, sauti imeshuka kidogo chini na mi naiona imekuwa nzuri zaidi, na kila alipotaka kunyamaza watu walimuimbia. Tangu 2011 yuko mu Les Mystères de l'amour, feyetoni yenye inaendeleza ile ya zamani, na Nicolas, mpenzi wake wa feyetoni, yupo, wamezeeka pamoja mbele yetu na sisi tumezeeka mbele yao. Alilea watoto wawili wenye alichukua Ethiopia. Alipokuwa juu sana hakutufanyia kiburi, alipopungua kuonekana hakutupigia kelele za kutafuta jina. Ndiyo maana sikuwahi kumuacha. Wale wengine wa rika lile wenye foto zao zilikuwa mu madaftari yetu, wengi nimewasahau hata sura. Huyu bado namsikiliza nikipika, namsikiliza nikiwa na shida, na binti yangu wa mwisho sasa anaimba refreni bila mtu kumfundisha.

Kwa fundi nampa nyota 4 juu ya 5, moja nimeitoa sababu ya njoo kesho njoo kesho. Kwa Hélène nyota hazitoshi.

Kitu kimoja cha mwisho: natafuta kaseti ya konseti yake ya Zénith, salo nyingine ya Paris, ya 1993, yangu iliazimwa na haikurudi. Mwenye anayo Lubumbashi ao Likasi, hata eponji ikiwa imeanguka, aniandikie, kwa fundi nitalipa mi na kopi ya WAV nitamtilia mu fleshi mpya.