Seti ya sindano za felti: sindano safi, kijitabu ovyo

Mtu yeyote anayefuma ana kapu la masalia: madonge ya uzi wa sufu yasiyotosha hata soksi moja, lakini roho haikubali kuyatupa. Seti hii ya kutengeneza felti, yaani sufu iliyogandamana ikawa kitu kimoja kigumu, niliinunua kwa ajili ya kapu hilo. Ndani ya boksi kuna sindano za namba 36, 38 na 40, mpini wa mbao unaoshika sindano tatu kwa pamoja, sponji nene, vifuniko vya ngozi vya kukinga vidole, sufu kidogo ya rangi na kijitabu.

Kilichonifurahisha ni sindano. Namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, kwa hiyo 36 ni ya kujengea umbo na 40 ni ya kulainisha uso mwishoni. Iinue kwenye mwanga: ncha ina pembe tatu, na kwenye kingo kuna vijino vidogo vinavyotazama chini. Kila ukichoma, vijino vinakokota nyuzinyuzi hadi ndani zikamatane. Vya seti hii ni vikali hasa. Ndege mdogo wa sufu wa kutundika kwenye funguo anakaza haraka. Ila choma wima na uitoe wima. Ukiipinda ikiwa ndani, inakatika, na boksi halina onyo lolote.

Sufu waliyoweka haitoshi kitu, lakini wala usihangaike. Chukua uzi uliobaki, viringisha donge dogo linalobana, hilo ndilo tumbo la ndege. Kisha fungua msokoto wa uzi mwingine, ukate vipande vifupi, uchane kwa brashi ngumu mpaka ufumuke, ndipo uvishe juu na kuanza kuchoma.

Sasa hicho kijitabu. Kina ukurasa wa kufuma vipochi na kuvitia kwenye mashine ya kufulia kwa maji ya moto ili vigandamane, na kinasema uzi wowote unafaa. Uongo mtupu! Sufu hugandamana kwa sababu unywele wake una magamba yanayonasana ukipata joto, sabuni na msuguano. Akriliki, ule uzi wa plastiki, haina magamba. Na ile sufu ambayo lebo yake inasema inafulika kwa mashine imeshatiwa dawa ili isigandamane; utaitoa kama ilivyoingia. Kama lebo ilipotea siku nyingi, unguza kipande kidogo kwa moto juu ya sinki: sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanapondeka, akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu.

Kijitabu hakisemi pia kwamba ufume kwa sindano za kufumia zilizo nene kuliko kawaida, mishono ilegee, wala kwamba kipochi kitapungua urefu zaidi ya upana. Fuma kirefu kupita unavyotaka. Kitie ndani ya foronya kwanza, maana manyoya yanayotoka yanaziba chujio la mashine, halafu kikiwa bado kibichi kijaze mifuko ya plastiki kikaukie kwenye umbo lake.

Sponji inaanza kubonyea mapema. Igeuze upande wa pili. Vifuniko vya vidole ni vidogo kwa dole gumba la mtu mzima, vivae hivyo hivyo.

Nimeipa nyota nne. Kama sindano unazo tayari, usiinunue. Kama unaanza, inunue, na uagize kabisa namba 38 za akiba, kwa sababu hizo ndizo utakazozitumia kuliko zote.