Madirisha ya infraredi kwenye seli ya elektrokemia: uzoefu wangu

Dirisha ninalolitumia zaidi kupitisha mwanga wa infraredi kwenye seli ni la kalsiamu floridi. La unene wa milimita 2 linapitisha mwanga hadi karibu 1,000 cm⁻¹ (idadi ya mawimbi kwa sentimita; kadiri dirisha linavyoshuka chini ndivyo linavyoonyesha zaidi), linayeyuka kidogo mno majini (miligramu 16 hivi kwa lita), na kwenye elektrolaiti (kimiminika cha seli kinachopitisha umeme) iliyo karibu na pH 7 halinisumbui. Kwenye asidi ya perkloriki ya 0.1 M mambo ni mengine: uso unaingia ukungu taratibu, floridi na kalsiamu zinavuja ndani ya seli, na voltamogramu (grafu ya mkondo dhidi ya volti) ikianza kuharibika mtu analaumu elektrodi bure. Pia halivumilii joto la ghafla. Ukilitoa kwenye maji ya moto na kulisuuza kwa baridi, linapasuka. Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, na oringi (pete ya mpira) ikae kati ya dirisha na chuma.

Bariamu floridi inashuka hadi karibu 800 cm⁻¹, ndiyo maana watu huitamani. Lakini inayeyuka majini mara mia zaidi ya kalsiamu floridi, na ukitumia salfeti unapata utando mweupe wa bariamu salfeti. Mimi sinunui.

Zinki selenaidi ni nzuri kwa mche wa kuakisi ndani (ambamo mwanga huakisiwa kwa ndani badala ya kupita moja kwa moja), lakini iachie pH 5 hadi 9. Chini ya hapo asidi inatoa haidrojeni selenaidi, gesi yenye sumu kali. Hapo hakuna mjadala.

Kwa asidi, chaguo langu ni silikoni yenye utando wa dhahabu, ambao ndio elektrodi. Oksidi ya juu inaondolewa kwa amoniamu floridi ya 40%, kisha dhahabu inawekwa bila umeme kwenye nyuzi 55 hadi 60. Mche mnene wa silikoni unafifia chini ya 1,500 cm⁻¹. Kipande chembamba cha nusu milimita chenye mifereji midogo kinapunguza tatizo hilo sana. Dhahabu hubanduka ukisukuma volti hadi viputo vya haidrojeni vitoke. Kwenye KOH (potasiamu haidroksidi), alkali hupenya kwenye vitundu vya utando na kuila silikoni kwa chini, kwa hiyo utando huondoka mzima mzima.

KOH kali naiachia almasi. Hailiwi na kitu, ila inafyonza mwanga kati ya 1,800 na 2,600 cm⁻¹, palepale kaboni monoksidi iliyoshika platinamu inapoonekana (karibu 2,060), hivyo ongeza idadi ya skani. Na oringi iwe ya mpira wa EPDM. Mpira wa Viton haupatani na alkali kali.