Kinanda cha arenja kwa wanaopiga stejini: kipi ununue kwanza, kipi usubiri

Wapiga vinanda tukikutana hii mada haiishi. Kuna wanaosema arenja (kinanda kinachojipigia ngoma, besi na gitaa chenyewe) ni kudanganya watu, kwamba mashine ndo inapiga we unashika kodi tu, yaani noti kadhaa kwa pamoja, mkono wa kushoto, na kuna wale ambao wamelea watoto kwa hicho hicho kinanda, wanaingia peke yao ukumbini saa mbili usiku wanatoka saa nane, wameimba, wamepiga, hawajagawana hela na mtu. Mi niko upande wa hawa wa pili ila kwa sharti moja: ununue kinanda kwa jinsi unavyopiga, usinunue kwa idadi ya sauti zilizoandikwa kwenye boksi. Sauti mia nane za nini kama katikati ya wimbo inabidi usimame utafute gitaa kwenye menyu?

Kwa stejini mi naangalia hivi. Staili, yaani mdundo ulio tayari ndani ya kinanda, ina variesheni (hatua) ngapi, maana wimbo unatakiwa upande, ubeti uwe mtulivu, kiitikio kijae, na kama una hatua mbili tu watu watachoka kabla yako. Alafu vitufe vya rejistresheni, vile vya kuhifadhi kila kitu cha wimbo (staili, tempo yaani kasi, sauti ya mkono wa kulia, na transpozi ya kupandisha au kushusha ufunguo) ukabonyeza kimoja tu ukaanza, hivi ndo roho ya arenja kwa mtu anayepiga laivu na nashangaa watu wanavyovipuuza dukani. Cha tatu matundu ya nyuma. Ukiwa na tundu la hedifoni tu utahangaika kwenye miksa, unataka auti (matundu ya kutolea sauti) mbili za kweli, kushoto na kulia.

Sasa namba moja yangu ni Yamaha PSR-SX900. Ilitoka 2019, na 2024 wakaleta SX920, kwa hiyo ukiipata used yenye afya chukua bila kuwaza sana. Ina variesheni nne kwa kila staili, skrini ya kugusa ya inchi 7, unachomeka maiki na inakuwekea sauti za kuitikia kwa kufuata kodi unazoshika, ambayo kwa mtu anayeimba peke yake ni kama kuongezewa waimbaji wawili nyuma. Ina blututhi ya kupokea muziki toka kwenye simu, na ina auti za ziada, unaweza kumtolea fundi mitambo ngoma na besi kwenye waya wake akazipandisha bila kugusa piano yako. Hilo la auti za ziada huwezi kuliona umuhimu mpaka upige kwenye ukumbi ambao besi inameza kila kitu, mi limenikuta, nilipunguza sauti yote ndo besi ikatulia na watu wa nyuma wakawa hawanisikii kabisa. SX700 ni ndugu yake wa chini, haina zile sauti za kuitikia, ila kama we huimbi utakuwa umeokoa hela yako.

Namba mbili Korg Pa1000, na wako watu watanibishia kwamba ingekuwa ya kwanza, nawaelewa. Kwenye maiki wameweka prosesa ya TC-Helicon ya kupamba sauti ya mwimbaji, ina SongBook inayokupangia nyimbo zako zote na mipangilio yake, na ina pleya mbili za MIDI (faili za noti, si sauti iliyorekodiwa) na MP3 zenye slaida ya kuvuka toka wimbo mmoja kwenda mwingine bila kimya katikati. Kwa sherehe ambayo watu hawataki kukaa chini hiyo slaida inakulipa. Kinachoniweka Yamaha ni wepesi wa kuitumia, Korg inataka uikalie wiki kadhaa uielewe ndo uipeleke kazini. Pa700 ni hiyo hiyo kwa mfuko mdogo, imepunguziwa vitu, lakini msingi ni ule ule.

Kama unaanza, Yamaha PSR-E473 ya 2022. Auti mbili nyuma zipo, tundu la maiki lipo, nyepesi kubeba. Ubaya wake ni huo niliosema juu, staili zina hatua mbili tu, A na B. Casio CT-X5000 nayo naiheshimu, sauti zake ni nzuri kuliko watu wanavyodhani, na auti anazo.

Genos2 ya Yamaha na Pa5X ya Korg nimeziweka mwisho makusudi. Ni vinanda vikubwa kweli, Pa5X unaipata hadi yenye funguo 88, lakini vyote havina spika ndani, bila mitambo ya nje huna muziki, na mtu ambaye bado hajatengeneza rejistresheni za nyimbo zake 30 atapiga Genos2 sawasawa na anavyopiga ya bei ya chini.

Na kama uko kwenye bendi yenye mpiga ngoma na besi wao, fikiria tena. Staili ikianza na mpiga ngoma akaanza watavutana tempo mpaka aibu. Unaweza kuzima ngoma na besi ukabakiza gitaa na strings (sauti za fidla), wapo wanaofanya hivyo vizuri, ila lazima mpiga ngoma asikie kliki (mlio wa kuhesabu tempo) kwenye hedifoni, asipokubali bora utafute sintesaiza ya kawaida, isiyojipigia staili.

Ukienda kukagua used, nenda na hedifoni zako. Piga kila noti moja moja kwa nguvu ile ile, ukikuta moja inaruka au inapiga kelele kuliko wenzake, mpira wa chini umechoka. Gusa skrini pembe zote nne. Tingisha waya kwenye kila tundu huku kinanda kinalia. Alafu kizime, kiwashe tena, uhesabu kinachukua sekunde ngapi kurudi, maana umeme ukikatika katikati ya wimbo huo ndo muda utakaosimama mbele za watu bila sauti, na ukiona ni mrefu basi tenga na hela ya UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kabisa.