Seva Pepe, Dashibodi ya Kijani na Asubuhi Zangu Zilizoibwa

Sijazoea kuandika malalamiko, na kampuni iliyonikodishia seva pepe (sehemu ya kompyuta moja kubwa inayogawanywa kwa wateja wengi) sitaitaja, lakini jibu nililopewa na mhudumu wao miezi kadhaa iliyopita bado linanikereketa. Aliandika hivi: "Ndugu mteja, dashibodi yetu haionyeshi tatizo lolote. Tafadhali wasiliana na aliyekutengenezea programu." Aliyenitengenezea programu ni mimi mwenyewe.

Seva hiyo inaendesha mfumo wa ankara na stoo wa duka moja la jumla pale Kariakoo. Kila asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, wakati wafanyabiashara wa mikoani wanafunga mizigo wakiwa na haraka ya kuwahi magari, ankara iliyozoeleka kutoka kwa sekunde mbili ilianza kuchukua dakika nzima, na mzee mwenye duka, ambaye ana subira kunishinda, alinipigia simu akasema kwa upole, "Mwanangu, ile mashine yako imelala tena." Nilifungua dashibodi ya kampuni, ule ukurasa wao wa vipimo vya seva, huku nikisikia kelele za foleni upande wa pili wa simu, na kila nilipoifungua nilikuta kichakataji kinatumika kwa asilimia 40, kumbukumbu inatosha, diski imetulia, na kila kiashiria ni cha kijani kama mgomba uliopata mvua.

Nikajilaumu. Nilikesha siku kadhaa nikipekua hifadhidata, na sina budi kukiri kwamba nilikuta jedwali moja kubwa ambalo sikuliwekea faharasa, yaani orodha inayoharakisha utafutaji. Nikalirekebisha, kasi ikaongezeka kidogo nyakati za mchana, lakini ilipofika saa tatu asubuhi mambo yakawa yale yale. Mhudumu akanishauri niongeze vichakataji kutoka viwili hadi vinne. Nikaongeza. Kilichopanda ni bili.

Hatimaye asubuhi moja niliiacha dashibodi yao, nikaingia ndani ya seva yenyewe na kuendesha amri ya top, inayoonyesha matumizi ya mashine papo hapo. Kwenye mstari wa matumizi ya kichakataji, mwishoni kabisa, pale ambapo macho ya wengi hayafiki, pana herufi mbili tu: st. Hizo huonyesha muda ulioibwa, yaani sehemu ya muda ambayo seva yako ilikuwa na kazi mkononi na iko tayari kuifanya, lakini mashine mama, ile kompyuta kubwa inayobeba seva zetu, ikawa imewapa wapangaji wengine kichakataji halisi. Kwangu, saa tatu na nusu, tarakimu hiyo ilisomeka asilimia 52. Zaidi ya nusu ya nilichokilipia kilikuwa kwa jirani nisiyemjua, na ndiyo maana kununua vichakataji zaidi hakukusaidia chochote, kwa sababu nilikuwa nikiongeza viti kwenye meza ambayo chakula kimeshaliwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kutambua jinsi dashibodi yao inavyopima. Inapima kutoka nje, kwa kuhesabu muda ambao seva yangu imetumia kichakataji kweli, bila kuhesabu muda ambao imesimama ikisubiri. Kwa hiyo kadiri nilivyoibiwa, ndivyo dashibodi ilivyozidi kunipongeza kwa matumizi ya kiasi. Tena kila nukta kwenye grafu zao ni wastani wa dakika tano, na mkwamo wa sekunde arobaini, ambao kwa karani wa kaunta ni sawa na mwaka, humezwa humo bila kuacha hata kivimbe. Wala isisemwe kwamba mwenye mashine mama hana namna ya kujua: wanaotumia VMware, programu ya kugawa mashine mama kuwa seva pepe, wana kipimo kinachoitwa CPU Ready, kinachoonekana upande wa mwenye mashine na kueleza jambo hilo hilo. Asiyekionyesha kwa mteja ameamua kutokionyesha.

Nikajiwekea Prometheus ya kukusanya vipimo na Grafana ya kuvichora kwenye grafu, nikachora muda ulioibwa kila baada ya sekunde 15, na ndani ya siku chache mlima ulisimama wazi, ukianza saa tatu na kushuka saa tano, siku za kazi tu. Nikawatumia picha za grafu pamoja na matokeo ya top. Safari hii hakuna aliyenielekeza kwa mtengeneza programu. Usiku ule ule waliihamishia seva yangu kwenye mashine mama nyingine, kesho yake st ikasoma chini ya 1, na tiketi, yaani faili la malalamiko yangu kwao, ikafungwa kwa maneno mawili: "Tatizo limetatuliwa." Hawakuomba radhi, na fedha za vichakataji nilivyoshauriwa kununua hazikurudi.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota moja. Hata hivyo, baada ya uhamisho ule seva ilikimbia vizuri mno, ankara zilitoka kabla karani hajanyanyua kidole, na kwa bei yao sijaona kwingine pa kulinganisha. Nikasema, basi, tatu. Hata yule mhudumu nikaanza kumtetea moyoni, kwa kuwa huenda naye haoni zaidi ya kijani kile kile ninachokiona mimi, na kuhusu lile jedwali lisilo na faharasa alikuwa amepatia, ingawa kwa kubahatisha. Kisha wiki iliyopita nikaona ule mstari wa Grafana umeanza kuinuka: kwanza 3, halafu 6, na juzi asubuhi 11. Nimefungua tiketi mpya na kuambatisha picha. Jibu limekuja jana, na linaanza na "Ndugu mteja, dashibodi yetu haionyeshi". Nyota ni mbili, na ya pili ni ya bei.